Mboji nimeitia, jembe nimelipiga, mchicha umekuwa manjano: kosa liko wapi?

1. Uani wa Shangani

Habari za jioni wanajamvi. Nina bustani ndogo nyuma ya nyumba hapa Shangani, Mtwara mjini, yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 3, ambayo nimeitayarisha mwenyewe tangu mwishoni mwa Agosti ili nipate mchicha, kunde za majani na bamia kabla mvua hazijaanza. Nilikusanya viroba 6 vya majani makavu ya mkorosho, viroba 4 vya maranda kutoka kwa fundi seremala, viroba 2 vya samadi ya mbuzi na ndoo moja ya jivu la jikoni, nikavipanga tabaka kwa tabaka, nikavimwagia maji na kuvifunika kwa makuti kwa wiki sita. Baada ya hapo nilichimba eneo lote kwa sururu na jembe mpaka kina cha goti, nikatandaza ile mboji kwa unene wa vidole viwili, nikaichanganya na udongo na kusia mbegu.

Mchicha uliota vizuri, lakini ilipofika wiki ya tatu ulidumaa na kugeuka manjano. Kinachoniuma ni kwamba jirani yangu, ambaye hakufanya lolote zaidi ya kukwangua magugu kwa jembe na kumwaga samadi kidogo, anachuma mchicha wa kijani kibichi. Mume wangu anasema kosa ni mboji, mimi nasema huenda nimechimba mno. Naomba wenye uzoefu watuamue.

2. Ndago Sugu

Maranda viroba 4 kwa samadi viroba 2, na bado unauliza? Vijidudu vinavyoozesha mbao vinahitaji naitrojeni, na visipoipata kwenye maranda yenyewe huichukua kwenye udongo, kwa hiyo mchicha wako unakaa na njaa huku sahani ikiwa mbele yake. Umewalisha vijidudu, hujalisha mboga. Mume wako yuko sahihi, ingawa najua hilo si jibu ulilolitaka.

3. Mzee wa Sepetu

Nilikuwa bwana shamba kwa miaka mingi, sasa nimestaafu na ninaishi Lindi, Mtanda. Kabla ya kumhukumu dada yetu ningependa kumuuliza mambo matatu, kwa sababu neno "manjano" peke yake halitoshi.

La kwanza, je, biwi, yaani lile rundo la mboji, lilipata moto? Biwi lililopangwa vizuri hupanda joto mpaka nyuzi 55 au 65 ndani ya siku chache. Sisi hatukuwa na vipimajoto, tulikuwa tunachomeka mti mrefu mpaka katikati, tunauacha, kisha tunauchomoa na kuushika: ukiunguza kiganja, kazi inaendelea, ukiwa wa uvuguvugu, biwi linataka kugeuzwa, ukiwa mkavu na wenye utando mweupe, linataka maji. Maji yenyewe hupimwa kwa konzi, yaani unakamua mkononi na yanatoka matone mawili matatu tu. La pili, uligeuza mara ngapi? La tatu, na ndilo kubwa, ni majani yapi yaliyoanza kuwa manjano, ya chini yaliyokomaa au ya juu machanga? Mmea wenye njaa ya naitrojeni huinyonya kutoka kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye machanga, kwa hiyo ya chini ndiyo hutangulia. Yakitangulia ya juu, tena mishipa ikabaki ya kijani, tunazungumza habari nyingine kabisa.

4. Kisima Kirefu

Hakuna aliyeuliza maji yanatoka wapi. Shangani ni pembeni mwa bahari, na visima vingi vya karibu na ufuko vina maji ya magadi, hasa kuanzia Septemba mpaka Novemba wakati maji matamu yamepungua chini ya ardhi. Niliwahi kuua tuta zima la pilipili hoho kwa maji ya kisima ambayo nilikuwa nikiyatumia kupikia ugali bila kulalamika. Tazama kingo za majani kama zimeungua, na tazama kama udongo unapokauka unaacha utando mweupe.

5. Uani wa Shangani

Shikamoo Mzee wa Sepetu. Biwi lilipata joto siku mbili tatu za mwanzo, kisha likapoa, na sikuligeuza hata mara moja kwa sababu niliamini kwamba kufunika kunatosha. Nilipolifungua, majani ya mkorosho yalikuwa bado ni majani, ila yamekuwa meusi. Habari ya majani ya juu na ya chini nitaitazama asubuhi, kwani sasa ni giza.

Kisima Kirefu, maji ni ya kisima, lakini jirani yangu mwenye mchicha mzuri anateka kisima hichohicho. Jambo jingine ambalo sikulisema mwanzoni ni kwamba nilipokuwa nachimba karibu na ukuta wa nyuma, nilikutana na udongo mweupe wenye vipande vya mawe mepesi, nikautoa juu na kuuchanganya na mwingine.

6. Bibi wa Mikindani

Hapo sasa umesema. Hayo mawe mepesi ni matumbawe, mwanangu, na huo udongo mweupe una chokaa ndani yake. Huku Mikindani nyumba za kale zimejengwa kwa mawe hayohayo, na ukichimba uani kwangu mikono miwili unaupata huo weupe. Mchicha ukifika penye chokaa nyingi haupati madini ya chuma hata kama yamo, kwa sababu chokaa inayafunga, na majani machanga yanakuwa manjano kama ndizi mbivu huku mishipa ikibaki kijani. Nawe juu ya chokaa umeongeza ndoo ya jivu, ambalo nalo linapunguza uchachu wa udongo!

Chukua udongo wa pale ukutani, ukaushe, ukamulie ndimu au umwagie siki. Ukitoa povu na kuchemka kidogo, jua ni chokaa. Bibi yangu alikuwa akifukia makopo yenye kutu chini ya mdimu wake na alikuwa akichuma ndimu kubwa kuliko za watu wote wa mtaa.

7. Newala Juu

Nawaheshimu wakubwa, lakini mimi nadhani tunalikwepa tatizo lililoandikwa katika mstari wa kwanza wa mapishi yake, yaani majani ya mkorosho. Mikorosho hupuliziwa salfa ya unga kila mwaka ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na salfa hiyo haiishii kwenye maua, bali hutua kwenye majani na kwenye udongo. Ikifika ardhini, bakteria huigeuza kuwa tindikali. Huku uwanda wa juu wa Makonde, ambako udongo ni wa kichanga na hauna nguvu ya kupinga uchachu, utafiti uliofanyika ulikwisha kuonyesha kwamba udongo wa chini ya mikorosho iliyopuliziwa kwa miaka mingi unakuwa mchachu zaidi. Zaidi ya hayo, majani ya mkorosho yenyewe ni magumu na yana kemikali kali zinazochelewesha kuoza, na ndiyo maana chini ya mkorosho mkubwa huoni magugu mengi.

8. Bibi wa Mikindani

Basi mjukuu wangu wa Newala, kama salfa inaleta uchachu na chokaa inaondoa uchachu, viroba vyako vya majani ndiyo dawa ya ukuta wake. Ninyi watu wa juu mmezoea kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, mkiona bustani ya uani mnaitafutia maradhi.

9. Newala Juu

Bibi, nimekubali utani, ila ming'oko hailalamiki kwa umanjano.

10. Mzee wa Sepetu

Marahaba, mwanangu wa Shangani. Hoja mbili za namba 6 na namba 7 zinahitaji kurekebishwa kidogo. Kwanza, kutu ya makopo si dawa ya haraka: katika udongo wenye chokaa, chuma cha kutu hakiyeyuki kiasi cha kuufaa mmea, kwa hiyo ndimu za marehemu bibi huenda zilinufaika na maji ya kuoshea vyombo yaliyomwagwa hapo kila siku. Pili, salfa inayoganda kwenye viroba 6 vya majani ni kidogo sana ukiilinganisha na inayodondoka shambani mwaka hadi mwaka, na bakteria huhitaji muda na unyevu ili kuigeuza. Sisemi haiwezekani, nasema wiki tisa hazitoshi kunishawishi.

Kuhusu jivu, namuunga mkono Bibi, na naongeza kwamba jivu likichanganywa na samadi mbichi huharakisha kupotea kwa naitrojeni hewani, ule mvuke unaochoma pua. Kwa hiyo samadi chache alizokuwa nazo huenda zilipungua nguvu kabla hazijafika bustanini.

11. Jembe Kwapani

Mnazungumza kemia wakati kosa lilifanyika siku ya sururu. Kwa nini mtu achimbe bustani ya mchicha mpaka kina cha goti? Udongo wenye uhai ni huu wa juu, sentimita 10 mpaka 15, na ukiupindua unauzika na kuutoa nje udongo mfu. Jirani yake alikwangua tu na anakula mboga. Waingereza walileta matrekta Nachingwea mwaka 1947 kulima karanga, wakapindua ardhi mpaka ikageuka jiwe, wakaondoka mikono mitupu. Wamatengo wa Mbinga, kwa upande mwingine, wanalima ngoro kwa kufyeka majani, kuyalaza katika miraba na kuyafunika kwa udongo, na milima yao haijamomonyoka kwa vizazi kadhaa. Laza majani, funika, panda. Jembe libaki kwapani.

12. Mwana wa Nachingwea

Naomba kurekebisha historia, maana mambo ya kwetu yakisimuliwa vibaya hutuuma. Mpango wa karanga ulianza mwaka 1947 huko Kongwa, Dodoma, na huko ndiko udongo wa mfinyanzi ulipokauka ukawa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi mpaka karanga zikashindwa kung'olewa. Nachingwea ilikuwa eneo jingine la mpango huo, lililotegemea bandari na reli ya Mtwara, na mpango wote ulifutwa mwaka 1951 kwa sababu nyingi, zikiwemo mvua, mitambo, gharama na haraka ya wakubwa. Usiulaumu udongo wa Nachingwea kwa dhambi za Kongwa.

Kuhusu ngoro, zile ni za milimani penye mvua nyingi, na hata hivyo Wamatengo wanatumia jembe vizuri sana, kwa sababu majani hayajifuniki yenyewe. Sisi tuna kichanga kinachopitisha maji kama chekeche. Kwa kichanga ninachokijua mimi, kulima sentimita 20 na kuchanganya mboji iliyoiva ndiyo njia ya kuweka kitu cha kushika maji kule mizizi iliko. Kisha tuta liwe mbonyeo, yaani chini kidogo ya usawa wa ardhi, badala ya kuinuliwa, ili kila ndoo ya maji ibaki humo. Nakubaliana nawe kuhusu kina cha goti tu.

13. Ndago Sugu

Jina langu mnaliona, kwa hiyo niruhusuni niseme kuhusu jembe. Nilihamia Chuno mwaka juzi nikakuta uwanja una magugu ya ndago hapa na pale. Nikalima mara tatu mfululizo baada ya mvua za kwanza nikiamini naziua. Ndago ina viazi vidogo vilivyounganishwa kama shanga, na jembe linapokata uzi wa shanga hizo, kila kimoja kinaamka na kuota peke yake. Mwezi wa pili nilikuwa na zulia. Mwaka uliofuata nililima Septemba, wakati wa jua kali, nikaviinua viazi juu kwa uma na kuviacha vikaukie jua wiki mbili bila tone la maji, na zilipungua sana. Kwa hiyo hoja si kulima au kutolima, bali ni mwezi gani. Wala sijabadili msimamo wangu wa namba 2: tatizo la dada ni maranda.

14. Mama Kuku

Habari zenu. Mimi niko Chikongola na sina elimu ya kemia, ila nimewahi kuunguza bustani kwa mbolea ya kuku niliyoitoa bandani asubuhi na kuitia tutani jioni. Mchicha ulinyauka siku ya nne kama umemwagiwa maji ya moto. Siku hizi mbolea ya kuku naichanganya na majani makavu, naigeuza kila baada ya wiki mbili, na siitumii mpaka iwe inanukia udongo. Dada wa Shangani angeweka viroba 2 vya mbolea ya kuku mahali pa viroba 2 vya maranda, angekuwa anatuuliza namna ya kupika, si namna ya kutibu.

Onyo la pembeni: msitie machicha ya nazi kwenye biwi bila kuyafukia ndani kabisa. Mimi niliyaweka juu, na kwa mwezi mzima niliwafuga panya wa mtaa.

15. Uani wa Shangani

Nimeamka mapema nikatazama kama Mzee alivyoelekeza, na sasa nimechanganyikiwa kuliko jana. Upande wa karibu na mlango wa jikoni, manjano imeanza kwenye majani ya chini. Upande wa ukutani, manjano iko kwenye majani ya juu, na mishipa ni ya kijani. Katikati ni mchanganyiko. Kingo za majani hazijaungua, ila utando mweupe upo kidogo asubuhi. Nimeng'oa pia bamia mbili zilizodumaa na mizizi yake ina vinundu kama tumbaku ya kusokota. Nimeng'oa na kunde moja, nayo ina vinundu.

16. Jembe Kwapani

Vinundu vya kunde na vya bamia ni ugonjwa mmoja, minyoo fundo. Choma vyote.

17. Mwana wa Nachingwea

Tafadhali usichome kunde za watu. Vinundu vya kunde hukaa pembeni ya mzizi, hubanduka kwa ukucha, na ukivipasua unakuta wekundu ndani. Hivyo ni makazi ya bakteria wanaotengeneza naitrojeni kutoka hewani, yaani ndiyo mbolea yenyewe. Vya bamia ni mzizi wenyewe uliovimba, havibanduki bila kuukata mzizi, na hivyo ndivyo vya minyoo fundo, ambao hupenda sana kichanga chetu. Minyoo hiyo huziba njia ya maji na chakula, mmea ukadumaa na kuwa manjano hata penye mboji bora. Kunde nazo hushambuliwa, kwa hiyo avipasue kwanza kabla hajaamua.

18. Kisima Kirefu

Mpaka sasa tuna maranda, chokaa, salfa, jivu, sururu na minyoo. Nakumbusha kwa unyenyekevu kwamba utando mweupe umekutwa, kama nilivyosema katika namba 4. Jirani kuteka kisima kilekile hakunishindi, kwa sababu yeye hakuchimba: mizizi yake iko katika udongo wa juu ambao haujavurugwa, na huenda anamwagilia maji mengi kwa mpigo yanayoisukuma chumvi chini, wakati wageni wa bustani humwagilia kikombe kikombe kila jioni na kuiacha juu.

19. Mzee wa Sepetu

Badala ya kubishana, tuiulize bustani yenyewe. Agawe vipande vinne kwa kamba. Cha kwanza, upande wa jikoni, akimwagilie mbolea ya yurea kijiko kimoja cha chakula kwa ndoo ya lita 10, mara moja tu, bila kuyalenga majani; yurea ina naitrojeni asilimia 46, na kama njaa ni hiyo, kijani kitarudi ndani ya wiki moja. Cha pili, upande uleule, kisitiwe kitu. Cha tatu, ukutani, nacho apewe yurea hiyohiyo. Kikibaki manjano, Bibi atakuwa ametukaribia. Cha nne akimwagilie maji ya bomba peke yake. Na ndimu ikamuliwe leo. Yale maranda yaliyobaki bila kuoza asiyaongezee udongo juu, ayakusanye kwa reki na kuyarudisha kwenye biwi pamoja na majani mabichi na mbolea ya Mama Kuku, kisha aligeuze.

20. Uani wa Shangani

Ahsanteni. Nimefanya yote, na kamba nimefunga. Kuhusu ndimu: udongo wa ukutani umetoa povu. Lakini hata wa jikoni umetoa povu, tena kubwa zaidi, na nimekumbuka kwamba mafundi walichanganyia saruji mahali hapo wakati wa ujenzi. Kwa jirani hakuna povu kabisa.

21. Bibi wa Mikindani

Chokaa.

22. Ndago Sugu

Kama ni chokaa, kwa nini jikoni, ambako povu ni kubwa zaidi, majani yaliyoanza ni ya chini? Tusubiri yurea.

23. Uani wa Shangani

Nimerudi baada ya siku nane. Siku ya tatu ilinyesha mvua kubwa ya kwanza usiku kucha, kwa hiyo kipande cha nne hakikubaki na maji ya bomba peke yake. Siku ya sita kipande cha kwanza kilikuwa kimeanza kuwa kijani, lakini cha pili, ambacho hakikupewa kitu, nacho kilianza kubadilika. Cha ukutani kilikuwa kijani nusu. Kunde nilizipasua: vinundu vingi vina wekundu, vichache havikubanduka.

24. Kisima Kirefu

Mvua imesukuma chumvi chini. Sina la kuongeza.

25. Ndago Sugu

Mvua imelowesha maranda, yameendelea kuoza na njaa imeanza kupungua. Kipande cha kwanza kilitangulia, na hicho ndicho chenye yurea.

26. Newala Juu

Au mvua imeosha tindikali ya majani ya mkorosho, jambo ambalo mmelisahau wote.

27. Mzee wa Sepetu

Mwanangu, tupe hali ya siku ya nane, kipande kwa kipande, hasa cha pili na cha tatu. Hapo ndipo penye jibu kama lipo.

28. Uani wa Shangani

Mzee, nisamehe. Jana nilichelewa kurudi kutoka msibani Nanguruwe, na mume wangu akaona mchicha umefikia kuchumwa. Amevuna vipande vyote vinne na kuviunga kwa nazi.

29. Mama Kuku

Ladha ilikuwaje?

30. Ndago Sugu

Muulize tu, alipokuwa anachuma, cha pili kilikuwa kijani au manjano?

31. Uani wa Shangani

Nimemuuliza. Anasema umeme ulikuwa umekatika, alichuma kwa tochi ya simu, na kwa mwanga ule kila jani lilikuwa jeupe.